Sura ya Saba: Lita Elfu Nne Zisizotoka

Ukimsikiliza mkurugenzi, kesi hii ilikwisha kabla haijaanza.

"Nenda kapime, kafunge, urudi," alisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayefunga tai huku anazungumza. "Saa kumi jioni ripoti iwe mezani kwangu. Waziri anataka habari za leo zionyeshe kituo kimepigwa lakiri."

"Na nikipima nikakuta sivyo?" akauliza Kipimo.

"Utakuta ndivyo. Daftari lao wenyewe linasema."

Kipimo lilikuwa jina alilobandikwa dada huyu na wenzake wa mamlaka ya nishati, na mwenyewe hakuwahi kulikataa. Siku ya kumuaga mhasibu mkuu, yeye Kipimo ndiye aliyeikata keki kwa rula, na watu arobaini na wawili wakala vipande vilivyolingana. Miaka kumi na tisa ya kukagua vituo vya mafuta ilikuwa imemfundisha kwamba daftari husema kilichoandikwa, tangi husema kilichomo, na mkaguzi analipwa kuvisuluhisha viwili hivyo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana jioni mamlaka ilitangaza bei kikomo mpya, kama ifanyavyo kila mwezi, na safari hii dizeli ilipanda kwa kishindo. Siku tatu kabla ya tangazo, kituo kimoja kidogo pale lami inapokwisha, chenye tangi moja na pampu mbili za dizeli, kilitundika kibao: MAFUTA HAKUNA. Malori yakalala kando ya barabara. Matrekta yakabaki mashambani katikati ya msimu wa kulima. Lakini picha ya ukurasa wa daftari, ambayo kila kituo hutakiwa kuituma mamlaka kila asubuhi, ilionyesha kwamba siku zote hizo tangi lilikuwa na lita elfu nne na mia mbili. Mwenye mafuta akisema hana, halafu bei ikapanda, sheria humwita mfichaji, na mfichaji hunyang'anywa leseni moja kwa moja.

Juu ya hayo kulikuwa na barua isiyo na jina. Ilisema kituo kinauza kwa kujuana, na iliambatanishwa na picha ya ambulensi ya zahanati ikitiwa mafuta kwa mpira nyuma ya kituo, mchana kweupe, kibao kikiwa bado kinaning'inia.

Kipimo aliegesha pikapu ya ofisi saa tatu asubuhi. Kabla hajazima injini, mzee aliyeketi mlangoni pa ofisi ya kituo aliinua kidevu.

"Nozeli ya tatu inakohoa hiyo," akasema. "Ukiiacha mwezi mmoja itakulaza njiani, mwanangu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu sana. Wewe ni wa mamlaka, sivyo?"

"Umejuaje?"

"Gari la serikali huzimwa polepole. Hakuna mwenye haraka nalo." Akacheka peke yake, na kicheko hicho kikamkaa vizuri.

Mji mzima ulimwita Sikio. Alikuwa fundi wa injini kabla ya kufungua kituo, na alikuwa na sifa ya kumwambia dereva ugonjwa wa gari likiwa bado halijatokea kwenye kona. Leseni ilikuwa kwa jina lake, na cheti chake cha usimamizi kilitundikwa kwenye fremu juu ya meza. Alisimama, akanyoosha mkono wa kusalimia, ukapita kando kidogo ya mkono wa Kipimo. Mkewe, aliyekuwa anatoka ndani akijifuta mikono, akamshika kiwiko na kumrekebisha kama vile anamtoa uzi begani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, ambaye kila mtu pale alimwita Mama, wakubwa kwa wadogo. Kipimo alililaumu jua. Lilikuwa machoni mwao wote.

Wa tatu pale kituoni alikuwa mhudumu wa pampu, baba mzima wa miaka arobaini na kitu, jina lake Jaza. Inasemekana hajawahi kumpa mteja salamu, gari likisimama tu, yeye huinama dirishani: "Jaza?" Siku tatu hizi hakuwa na cha kujaza, na ilionekana hajui aiweke wapi mikono yake.

"Washa pampu," Kipimo akamwambia.

Pampu ya kwanza ikanguruma, mpira ukatetemeka, likatoka povu kiganja kimoja, kisha upepo mtupu. Ya pili vivyo hivyo.

"Zinavuta hewa," Sikio akasema kutoka kitini. "Tangu Jumanne saa nane na robo."

"Uliangalia saa?"

"Mimi ndiye niliyemwambia saa," Mama akadakia haraka, haraka kupita kiasi, na Kipimo akaliandika hilo katika kijitabu chake bila kujua atalifanyia nini.

Akaomba daftari la vipimo. Kila alfajiri, kabla pampu hazijafunguliwa, msimamizi wa kituo hutakiwa kuzamisha dipstiki, ule ufito mrefu wenye alama za sentimita, hadi chini ya tangi, asome ulipolowa, kisha atazame jedwali la ukutani linalogeuza sentimita kuwa lita. Daftari lilikuwa safi, halina hata doa. Kuanzia ukurasa wa kwanza hadi mwezi wa tatu mwaka juzi, tarakimu zilikuwa nyembamba, zimelala upande. Baada ya hapo zikawa nene na za mviringo, kila saba imekatwa katikati kwa uangalifu wa wanafunzi wa zamani. Saini ilikuwa ya mtu mmoja mwanzo hadi mwisho, ila tangu mwezi huohuo ilianza kupanda mlima. Ilianzia kwenye mstari na kuishia pembezoni mwa karatasi.

"Nani anaandika humu?"

"Mimi," wakajibu mume na mke kwa pamoja.

Mama akatabasamu.

"Yeye anapima, mimi naandika. Macho ya mzee hayana neno. Mwandiko ndio umechoka."

Kipimo akafunga daftari, akazunguka nyuma ya kituo. Kulikuwa na mapipa matatu makubwa ya plastiki, yamefunikwa turubai na kufungwa kamba. Wafichaji aliowakamata huko nyuma wote walikuwa na mapipa na turubai. Akatoa mkobani dawa ya maji, ile pasta ya rangi ya udongo ambayo hubadilika kuwa nyekundu ikigusa maji, akaipaka kwenye kijiti, akakizamisha katika pipa la kwanza. Kilitoka chekundu kuanzia chini hadi juu. La pili hivyo hivyo. La tatu pia.

"Maji ya mvua, dada," akasema Jaza nyuma yake. "Mama anamwagilia maua."

Na kweli, ukutani palikuwa na matairi makuukuu yaliyojazwa udongo, yamechanua maua ya njano.

"Na turubai la nini?"

"Mbu."

Kipimo alipangusa kijiti taratibu ili asione mtu kwamba ameona aibu. Halafu akamgeukia Jaza na kumwonyesha ile picha.

"Ambulensi hii unaijua?"

Jaza aliitazama picha muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Naiona."

"Na huyu mwenye mpira mdomoni?"

"Kama mimi."

"Kama wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Ulimuuzia nani?"

"Sikuuza. Mkunga alikuwa na mgonjwa ndani, mtoto amekaa vibaya, na hospitali kubwa ni mwendo wa saa mbili. Mzee akasema, toa kwa mpira, usimdai kitu. Nikavuta kwa mdomo hadi yakapanda, kisha kwa pampu ya mkono, lita ishirini. Hadi leo nikipiga mwayo nanuka dizeli."

"Uliyavuta wapi?"

"Tangini."

"Tangi lile lile lisilo na mafuta."

Jaza akashika kiuno. "Hapo ndipo na mimi nilipochoka kufikiri."

"Mpira uliupitisha wapi?"

"Tundu dogo, lile la kumwagia. Pale lori linaposimama."

Kipimo aliandika, kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu yoyote. "Huyo mama na mtoto je?"

"Wazima wote. Wa kike." Na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Jaza akajua pa kuweka mikono yake, aliipanua kuonyesha urefu wa mtoto.

Tundu dogo lilikuwa kwenye kona ya uwanja, mbali na barabara, lina kifuniko cha bati kilichong'aa kwa kushikwashikwa. Kipimo akakifungua kwa vidole viwili, akazamisha dipstiki, akaivuta, akasoma. Sentimita hamsini. Akaenda kwenye jedwali la ukutani na kupitisha kidole hadi mstari wa hamsini. Lita elfu nne na mia mbili, vilevile kama daftari.

Alirudi uwanjani na kukitamka kiasi hicho kwa sauti. Mama alikunja na kukunjua ncha ya nguo yake. Sikio aliuelekeza uso kwenye pampu.

"Mzee, una la kusema?"

"Pampu hazitoi, mwanangu. Ningekuwa nayo ningeuza. Kuna watu nimewarudisha juzi ambao sijawahi kuwarudisha miaka thelathini na moja." Akashusha kidevu. "Mwingine alikuja na galoni mkononi, ameacha trekta shambani. Nikamwambia hakuna. Anadhani namdanganya."

"Lori la mwisho uliliagiza lini?"

Mama alikuwa ameshaleta faili. Oda ilipelekwa bohari kuu siku tisa zilizopita, na namba ya kupakia ilitolewa siku hiyohiyo. Kila asubuhi walipiga simu, na kila asubuhi bohari ilijibu kwamba mtandao uko chini, lori haliwezi kupakia, wasubiri. Leo saa kumi na mbili asubuhi bohari ilipiga yenyewe. Mtandao umerudi, lori limepakia, liko njiani. Kwa bei mpya.

Kipimo akaisoma karatasi ile mara mbili. Mchezo huu aliujua, ila alikuwa hajaushika mkiani. Mafuta yaliyoingia bohari kwa bei ya mwezi uliopita, yakilazwa siku kadhaa, huamka na bei ya mwezi huu. Bohari haina kibao barabarani wala mtu mwenye galoni mlangoni. Kinachokauka ni kituo cha mwisho wa lami, na kinachopigwa picha ni kituo hicho hicho. Akaikunja karatasi na kuitia mkobani. Lakini hata bohari ikiwa na makosa, zile lita elfu nne na mia mbili zilikuwa bado ziko chini ya miguu yake, na kibao kilikuwa bado kinasema hakuna.

Simu ikalia.

"Umefunga?" akauliza mkurugenzi.

"Napima."

"Saa sita hii, Kipimo. Unapima bahari?"

Alienda kwenye pikapu, akatoa utepe na lakiri. Aliporudi, alimkuta Mama amemwekea kiti kivulini na gilasi ya maji juu ya stuli.

"Kaa kwanza, mwanangu. Kufunga kituo nako ni kazi, na jua limekuchoma."

Angelia, angeomba, angepaza sauti, Kipimo angejua la kufanya, alikuwa amezoea. Gilasi ile ya maji ilimshinda nguvu. Alikaa, akanywa, na kwa kuwa hakutaka kuwatazama machoni, akatazama chini.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Uwanja mzima ulikuwa umekauka, isipokuwa kona moja. Kule kwenye tundu dogo, maji yalikuwa yametuama dimbwi la ukubwa wa meza, na zege pembeni yake lilikuwa na ufa mrefu.

Akaweka gilasi chini. "Jaza, lori likija husimama wapi?"

"Palepale, dada. Miaka yote. Linarudi kinyumenyume hadi tunduni."

"Na mirija ya pampu inavutia upande gani wa tangi?"

"Ule mwingine. Huku barabarani."

Kipimo alilirudia daftari, safari hii akifunua kurasa za siku ambazo lori lilileta mafuta. Mwezi uliopita tangi lilipimwa kuwa na lita elfu nne na mia tatu, likapokea elfu kumi na saba. Mwezi wa kabla yake elfu nne na mia mbili, likapokea elfu kumi na saba. Kila mara, chini ya mzigo, mwandiko wa mviringo uliandika: umejaa.

"Tangi hili linachukua lita ngapi?"

"Elfu ishirini," Sikio akajibu. "Hata tone juu yake halikai."

"Elfu nne na mia tatu, na elfu kumi na saba. Ni elfu ishirini na moja na mia tatu. Yalimwagika?"

"Hayajawahi kumwagika hapa."

"Basi elfu nne hazikuwahi kuwemo." Kipimo akasimama. "Tundu la vipimo liko wapi? La katikati?"

Akalitafuta mwenyewe. Katikati ya uwanja palikuwa na kifuniko kikubwa cha chuma cha duara, na ukingoni mwake nyasi zilikuwa zimeota mzunguko mzima, zimeshikamana. Kifuniko kile hakikuwa kimefunguliwa kwa miaka. Jaza akaleta mtaimbo. Walipokiinua kililia kwa kishindo hadi ndege wakaruka kwenye paa la pampu, na Kipimo akazamisha dipstiki.

Sentimita thelathini.

Alipima tena, kwa kuwa ndivyo alivyo. Thelathini. Jedwali likasema lita elfu mbili kasoro kidogo.

"Tangi limezama upande mmoja," akasema, akajikuta anaongea taratibu, kwa mikono, kama anayemweleza mtoto. "Lori limekandamiza kona ileile miaka thelathini. Ukiiinamisha sahani ya mchuzi, mchuzi hukimbilia upande mmoja, na anayechota upande wa pili anagonga sahani. Mirija ya pampu iko upande uliobaki juu. Mafuta yaliyobaki yako kule chini, na pampu haiyafikii. Mpira wa Jaza uliyafikia kwa sababu uliingilia upande uliozama." Akakunja utepe wa lakiri na kuutia mfukoni. "Mzee hakuficha mafuta. Hilo limekwisha."

Jaza akapiga kofi moja. Mama akafumba macho, midomo ikamcheza. Sikio peke yake hakufurahi. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesubiri gari la pili lipite.

Gari la pili lilikuja. "Limebaki moja," Kipimo akasema, na hakupenda kulisema. "Jedwali hili limetengenezwa kwa tundu la katikati. Fundi aliyepima miaka thelathini na moja hawezi kupimia kwenye tundu la kumwagia. Nani amekuwa akipima?"

Jaza akaanza kuchunguza maua.

"Mimi," Mama akasema.

Hakungoja aulizwe tena. Macho ya mzee yalianza na ukungu, akasema, halafu daktari akasema mshipa umekufa, hakuna miwani wala kisu kitakachousaidia. Kanuni ya kumi na moja inataka msimamizi mwenye cheti apime yeye mwenyewe, kwa macho yake mwenyewe. Bila msimamizi hakuna leseni, na bila kituo yule bwana angekaa ndani ya nyumba kusikiliza saa ya ukutani hadi afe.

"Nikasema, basi macho yatakuwa yangu. Mimi na yeye tuna tofauti gani? Alfajiri napima, naandika, namnong'oneza kiasi, anatia saini."

"Kwa nini tundu dogo, Mama?"

"Kile kifuniko sikiwezi." Akanyoosha kidole cha shahada, ukucha wake ulikuwa umeota upande. "Siku ya kwanza kiliniponyoka. Ningemwita Jaza, na Jaza angejua."

"Mama," Jaza akasema kwa upole, bila kuacha maua, "mimi nilijua tangu siku mzee alipoiambia pampu namba mbili ipishe njia."

Mama akamtazama, akashindwa kuamua acheke au alie, akafanya yote mawili. "Nikaona mafuta ni mafuta, tangi ni moja. Ukipima huku au kule si yaleyale? Sikujua. Wallahi sikujua. Nimemponza mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hukuniponza," Sikio akasema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kifuniko kikubwa kinalia hivyo mlivyosikia. Kile kidogo kinalia tik. Asubuhi ya pili tu nilishajua umesimama wapi."

Mama akageuka mzima mzima. "Miaka yote hii unanisikia napima pasipo, umenyamaza?"

"Pampu zilinitosha. Nikisikia zimeanza kukwama, naagiza lori. Daftari sikulitegemea. Mwezi huu tu bohari ndiyo iliyonivunja mguu."

"Usingesema tu, mzee wangu? Neno moja?"

"Ningesema, ningekuwa nimekwambia huwezi." Alitafuta mkono wake hewani, akaupata. "Tena ulikuwa unaimba."

"Nani anaimba?"

"Wewe. Pale tunduni, kila alfajiri, ukidhani nimelala. Tangu macho yangu yaondoke hukuimba tena ndani ya nyumba hata siku moja. Pale tu. Nikaona heri daftari likosee."

Kipimo aligeuka akatazama barabara. Haikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia sababu nzuri ya kosa. Ilikuwa mara ya kwanza aamini. Alimpenda yule mzee, akampenda na yule mama, na kalamu ilikuwa mkononi mwake.

"Mzee," akasema, "umetia saini vipimo usivyoviamini, miaka miwili na zaidi. Hilo nitaliandika."

"Liandike. Ni kweli."

"Na kwamba huoni, nitaliandika."

"Liandike na hilo." Akaminya mkono wa mkewe. "Nimechoka kulificha kuliko nilivyochoka kutoona."

"Na Kanuni ya kumi na nne," Kipimo akaendelea, akiwa tayari anafungua mkoba, "inasema mkaguzi akikuta kituo hakina msimamizi anayefaa, anaweza kumtahini mtu mwingine papo hapo, na akifaulu ampe cheti cha muda cha siku tisini, mpaka afanye mtihani kamili. Mama, kaa hapa kwenye kiti."

Alimtahini nusu saa nzima, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Dawa ya maji hupakwa sentimita ngapi? Lori likifika, mafuta yaachwe yatulie dakika ngapi kabla ya kupimwa? Moshi ukionekana, kitu cha kwanza ni nini? Mama alijibu yote huku amekalia ncha ya kiti, mikono magotini. Maswali kumi na tisa aliyapata. La ishirini lilikuwa: kipimo huchukuliwa kwenye tundu gani?

"La katikati," akasema, na machozi yakamshuka. "La katikati, mwanangu."

Saa nane na nusu Kipimo akampigia mkurugenzi.

"Sijafunga," akasema. "Tangi limezama. Kilichomo hakivutiki. Nimetoa onyo la maandishi kwa vipimo vibaya, siku tisini za kulinyoosha tangi, na msimamizi mpya."

"Onyo? Waziri ana kamera tayari!"

"Kamera ziende bohari kuu. Nina oda ya siku tisa, nina namba ya kupakia, nina mtandao ulioanguka wiki nzima kabla ya tangazo na kusimama asubuhi baada yake. Tafuta vituo vingine vilivyokauka wiki hii, uvipigie simu. Kama havikuambiwa mtandao uko chini, nifukuze kazi."

Ukasikika mlio wa kalamu. "Namba ya kupakia ni ngapi?"

Akamtajia tarakimu moja moja. Alipokata simu, Sikio alikuwa amesimama, kidevu juu.

"Linakuja," akasema.

Kipimo akatazama barabara. Haikuwa na kitu ila vumbi. Jaza hakujisumbua kutazama. Aliondoa kibao cha MAFUTA HAKUNA, akakisimamisha uso ukutani. Dakika nne baadaye lori la tangi likatokea kwenye kona, na Kipimo akamwelekeza dereva asimame mbali na ile kona iliyozama, amwagie kwa mpira mrefu. Lakini kanuni ni kanuni, na kabla ya mzigo kuingia tangi lazima lipimwe.

Mama alichukua dipstiki, akaenda katikati ya uwanja. Akasimama mbele ya kifuniko cha chuma, akakitazama, akakumbuka ukucha wake.

"Kanuni inataka msimamizi asome," Kipimo akasema kutoka kivulini, macho kwenye fomu. "Haikusema nani anyanyue."

Sikio alikuwa tayari anakuja, anahesabu hatua kimoyomoyo, midomo ikimcheza. Mama hakwenda kumshika kiwiko. Alisema tu, "Mbele kidogo. Hapohapo." Mzee akapiga magoti, vidole vikatafuta ukingo wa chuma, akakaza mgongo wa kifundi na kukinyanyua, kikalia uwanja mzima. Akakishikilia kwa mikono miwili. Mama akazamisha ufito, akaungoja ugonge chini, akauvuta taratibu, na wakati wote huo alikuwa anaimba kwa pua, bila kujua, wimbo usio na maneno.

Akasoma. Miaka miwili na zaidi alikuwa amenong'ona. Sasa akainua kichwa.

"Thelathini!" akapaza sauti, hadi dereva wa lori akachungulia dirishani kuona kuna nini.

"Thelathini," Sikio akarudia, kifuniko bado mkononi.

Kipimo akaandika thelathini.